Kushiba, Kuganda na Kuiga: Uhakiki wa Istilahi za Utando wa Seli

Neno la kitaalamu halimalizi kazi yake siku linapoingizwa katika orodha. Siku hiyo ndiyo kwanza linaanza, maana ndipo linapotoka mikononi mwa msanifu na kuingia katika sentensi ya mwalimu, ya mfasiri, ya daktari na ya mwandishi wa habari. Likiwa limeundwa kwa kulitazama neno la Kiingereza peke yake, bila ya kukitazama kitu chenyewe, huenda likapendeza katika orodha na likapotosha katika sentensi. Hilo ndilo tatizo ambalo makala haya yanakusudia kulijadili.

Uwanja tuliouchagua ni mwembamba, lakini unatosha kuwa mizani. Ni ule wa miigo ya kompyuta ambayo wanasayansi huifanya ili kuuelewa mwendo wa lipidi zisizoshiba katika utando wa seli. Msomaji asitishike na maneno hayo. Kila seli ya kiumbe hai imezungukwa na utando ambao unene wake ni nanomita 4 hivi, yaani sehemu 4 tu kati ya sehemu milioni moja za milimita. Utando huo umejengwa kwa molekuli za mafuta ziitwazo lipidi, zilizojipanga tabaka mbili. Hoja ya tabaka mbili ilitolewa na Gorter na Grendel wa Uholanzi mwaka 1925. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia maji. Vichwa hutazama nje, mikia hukutana kati.

Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake hukutana maneno ambayo tayari yanatumika katika maandishi ya Kiswahili: utando, kiwambo, kushiba, kuganda, lehemu na kuiga. Pili, maneno mengi ya biolojia na kemia yalisanifiwa wakati ambapo utando wa seli ulijulikana zaidi kwa picha zilizotulia vitabuni. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Zanzibar likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoka mwaka 1990. Kazi za waliotutangulia ni msingi, wala hatukusudii kuubomoa. Lakini miigo ya kompyuta imeionesha picha ile ikitembea, na si kila neno lililoifaa picha iliyotulia litaifaa picha inayotembea.

Utando au kiwambo?

Waandishi wa biolojia hutumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha. Yote ni ya Kiswahili halisi, na yote yana nasaba inayojulikana. Kiwambo hutokana na kuwamba: ngozi huwambwa juu ya mzinga wa ngoma, ikavutwa pande zote mpaka ikakaza. Ndiyo maana kiwambo cha sikio ni istilahi njema. Kitu kile kimekazwa kweli, nacho hutetemeka kinapopigwa na sauti. Utando hutokana na kutanda: mawingu hutanda, na maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando juu yake.

Mwaka 1972 Singer na Nicolson wa Marekani walieleza kwamba utando wa seli ni wa majimaji. Lipidi hazikupigiliwa mahali pamoja. Huelea na kutambaa ubavuni ndani ya tabaka lake, na molekuli moja yaweza kubadilishana nafasi na jirani yake mara mamilioni katika sekunde moja. Ngozi ya ngoma haina mwendo huo. Kipande kilicho katikati leo kitakuwa katikati kesho. Mwanafunzi aliyefunzwa kiwambo atatarajia kitu kikavu kilichokazwa, na kila atakachofunzwa baadaye kitapingana na neno alilolishika mwanzo. Aliyefunzwa utando atakuwa amekwisha kuandaliwa.

Wako watakaosema kwamba utando nao una walakini, maana buibui pia ana utando, na ule ni wavu wenye matundu. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Neno lenye maana kadhaa hutenganishwa na mazingira yake, wala hapana mwanafunzi atakayedhani kwamba seli imesukwa na buibui. Basi utando ubaki kwa seli, na kiwambo kibaki kwa sikio na kwa kila kilichowambwa.

Kushiba si kuganda

Mkia wa lipidi ni mnyororo wa kaboni. Kila kaboni ikiwa imebeba haidrojeni zote inazoweza kuzibeba, mkia huo husemwa umeshiba. Pakiwapo kifungo maradufu baina ya kaboni mbili, haidrojeni mbili zimepungua hapo, na mkia husemwa haukushiba. Kwa mkemia anayehesabu haidrojeni, istilahi hii ni sahihi na haina sababu ya kuondolewa.

Taabu huanza neno linapotoka maabara. Katika Kiswahili kushiba ni sifa. Marafiki wa kweli ni marafiki wa kushibana, na maelezo yaliyotimia husemwa yameshiba. Asiyeshiba ana upungufu. Ushauri wa lishe lakini huyapendelea mafuta yasiyoshiba kuliko yaliyoshiba. Kwa hiyo sikio la msikilizaji huvutwa upande mmoja, na mshauri humvuta upande wa pili.

Waandishi wa lishe wameliona jambo hilo, na wengi wamelikimbia neno kushiba wakasema badala yake mafuta yanayoganda na mafuta yasiyoganda. Maneno hayo ni mepesi na yanaeleweka, lakini hapa Pemba yana kasoro kubwa kuliko ile waliyoikimbia. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta yaliyoshiba kupita mengi: karibu sehemu 9 katika 10 za asidi zake za mafuta zimeshiba. Lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25 za Selsiasi. Chake Chake, Wete au Mkoani, adhuhuri ya siku ya kawaida, chupa ya mafuta ya nazi ina kimiminika safi. Huyaona yamefanya ukungu na kuwa mazito asubuhi za kipupwe tu, na jua likipanda huyeyuka tena. Mpishi aliyeambiwa ajihadhari na mafuta yanayoganda ataitazama chupa yake, ataona kuwa hayakuganda, na atatoka katika mazungumzo yale akiamini kwamba onyo halimhusu. Hakukosea yeye. Aliyekosea ni neno, kwani limekuja pamoja na hali ya hewa ya nchi nyingine, ambako mafuta hayohayo hukaa jikoni yakiwa magumu kama sabuni.

Hata kwa sayansi yenyewe kuganda hakuwezi kuwa tafsiri ya kushiba, kwa sababu kuganda hutegemea mambo zaidi ya moja. Asidi ya stearini ina kaboni 18 na imeshiba. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 69. Asidi ya oleini nayo ina kaboni 18, lakini ina kifungo maradufu kimoja; huyeyuka kwenye nyuzijoto 13. Ya linolei ina kaboni 18 na vifungo maradufu viwili. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Hapo kushiba kunaonekana kuwa ndiyo sababu. Lakini asidi ya laurini, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote za mafuta ya nazi, nayo imeshiba kabisa, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 44 tu, kwa sababu mnyororo wake ni mfupi wa kaboni 12. Basi urefu wa mkia una neno lake, kushiba kuna neno lake, na joto la mahali lina neno lake. Anayeyafunga matatu hayo katika kitenzi kimoja amerahisisha lugha na kuutatiza ukweli.

Kombo la mkia

Kwa nini kifungo maradufu huzuia kuganda? Jawabu lake ni umbo, na hapa ndipo istilahi zetu zilipo na pengo. Kifungo maradufu cha aina ipatikanayo kwa wingi katika viumbe huupinda mkia kwa kadiri ya digrii 30. Mjenzi yeyote wa nyumba ya makuti anaijua fizikia hii bila ya kuisoma. Fito zilizonyooka hufungika mzigo mmoja uliokaza. Zikichanganywa na fito zilizopinda, mzigo hubaki na mianya. Mikia iliyoshiba hulala sambamba na kugandamana. Mikia iliyopinda huacha nafasi, na utando hubaki wa majimaji.

Kwa pindo hilo tunapendekeza neno kombo. Ni neno fupi, lina maana ya kupinda, na watu wanalo. Hapa Pemba liko hata katika majina ya watu. Tutasema basi kwamba mkia usioshiba una kombo pale penye kifungo maradufu. Kushiba kutabaki kuwa jina la hesabu, na kombo litakuwa jina la umbo, na mwanafunzi ataweza kuunganisha sababu na matokeo kwa maneno yake mwenyewe: mkia haukushiba, kwa hiyo una kombo, una kombo, kwa hiyo haulali sambamba na wenziwe, haulali sambamba, kwa hiyo utando haugandi. Sentensi hizo hazina hata neno moja la kukaririwa bila ya kufahamiwa.

Uzito wa jambo hili si mdogo. Lipidi ya utando yenye mikia miwili ya kaboni 16 iliyoshiba huyeyuka kwenye nyuzijoto 41. Yenye mikia miwili ya kaboni 18, kila mmoja una kombo moja, huyeyuka kwenye nyuzijoto 17 hivi chini ya sifuri. Mwili wa mwanadamu una nyuzijoto 37. Lau utando wa seli zetu ungejengwa kwa lipidi ya kwanza peke yake, ungekuwa umekakamaa tungali hai. Viumbe huijua siri hii. Mwaka 1974 Sinensky alionesha kwamba bakteria aishiye katika utumbo hubadilisha lipidi zake kwa kadiri ya joto analokuzwa nalo, ili utando wake ubaki na wepesi uleule. Joto likipungua, makombo huongezeka.

Lakini istilahi tunayoipendekeza nayo haina budi kupitishwa katika mizani ileile. Katika mafuta ya samaki mna asidi ijulikanayo kwa herufi DHA, yenye kaboni 22 na vifungo maradufu 6. Anayelifuata neno kombo peke yake atakisia kwamba mkia wa namna hiyo, wenye makombo sita, ni kitu kigumu kilichojikunja kama ndoana. Mwaka 2002 Feller, Gawrisch na MacKerell walichapisha uchunguzi uliotumia miigo ya kompyuta pamoja na vipimo vya maabara, nao ulionesha kinyume chake. Mkia wa DHA ni miongoni mwa mikia inayojigeuza kwa wepesi mkubwa. Kifungo maradufu chenyewe hakizunguki, lakini vifungo vya kawaida vilivyo jirani yake huzunguka kwa urahisi kuliko vile vya mkia ulioshiba. Kwa hiyo pamoja na kombo tunahitaji istilahi ya pili, nayo ni unyumbufu. Kombo lieleze umbo la mahali pamoja. Unyumbufu ueleze mwendo wa mkia mzima. Mwalimu atakayelitumia la kwanza bila ya la pili atakuwa ameeleza mti bila ya upepo.

Mwigo si simulizi wala si jaribio

Uchunguzi tulioutaja ulifanywa kwa njia ambayo katika Kiswahili bado inaitwa kwa majina mengi. Wako wanaoandika simulesheni. Neno hilo limeswahilishwa kwa sauti, lakini lina maradhi mawili. Halina kitenzi, hivyo mwandishi hulazimika kusema kufanya simulesheni kila mara. Na sikio la Mswahili hulinasibisha mara moja na kusimulia na simulizi, likadhani kwamba kompyuta inahadithia. Wako wanaoandika uigizaji, lakini hilo ni la jukwaani, na hueleweka kuwa mwigizaji anajifanya kuwa asivyo.

Tunaunga mkono mwigo, kwa wingi miigo, na kazi yenyewe iitwe uigaji. Wengine hulikataa kwa kuwa kuiga kuna harufu ya dharau, kama kwamba mwigaji hana lake. Lakini mwanagenzi huuiga mkono wa fundi hatua kwa hatua, na kuiga kwake ndiko kujifunza. Maana hiyo ndiyo hasa tunayoihitaji. Kompyuta hupewa mahali pa kila atomu na kanuni za nguvu zinazovutana na kusukumana baina yao. Hukokotoa nguvu hizo, ikaisogeza kila atomu kidogo, kisha ikakokotoa upya. Hatua moja aghalabu ni femtosekunde 2. Ili kuiga nanosekunde moja tu ya maisha ya utando, hapana budi zipigwe hatua 500,000.

Njia hii ina historia. Alder na Wainwright waliianza mwaka 1957 kwa tufe ngumu za kukisia. Mwaka 1964 Rahman aliiga atomu 864 za agoni. Mwaka 1982 van der Ploeg na Berendsen wa Uholanzi walichapisha mwigo wa tabaka mbili mfano wa utando. Mwaka 1993 Heller, Schaefer na Schulten wa Marekani waliiga lipidi 200 pamoja na maji yake, jumla ya atomu zaidi ya 27,000. Na lipidi hizo zilikuwa na mkia mmoja ulioshiba na mmoja wenye kombo. Mwaka 2013 Karplus, Levitt na Warshel walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kuunda vielelezo vya kompyuta vya mifumo ya kemia.

Pamoja na hayo, ubaya mkubwa hauko katika nomino bali katika vitenzi vinavyoandamana nayo. Katika tafsiri nyingi husomwa kwamba kompyuta imeona, kompyuta imegundua, au kompyuta imethibitisha. Kompyuta haikuona kitu. Imekokotoa kitakachotokea iwapo kanuni ilizopewa ni sahihi, na kanuni hizo huandikwa na watu na zimerekebishwa mara kadhaa tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo tunapendekeza maneno manne yasichanganywe. Kielelezo kiwe picha ya kitu pamoja na kanuni zake. Mwigo uwe ni kukiacha kielelezo kitembee katika wakati. Jaribio liwe ni kazi ya maabara juu ya kitu chenyewe. Kipimo kiwe ni hesabu iliyopatikana katika jaribio. Mwigo hukadiria na kubashiri. Kipimo ndicho kinachoukubali au kuukataa. Mwananchi asomaye gazeti ana haki ya kujua kama aelezwayo yamepimwa au yamekadiriwa, na haki hiyo huhifadhiwa na kitenzi kimoja.

Juu ya jina la mashine yenyewe hatuna haja ya mabishano. Ngamizi lilipendekezwa, tarakilishi linatumika katika vitabu vya Kenya, lakini kompyuta ndilo lililo vinywani mwa watu. Likubaliwe.

Neno moja juu ya lehemu

Lehemu kwa asili ni madini ya kuungia bati. Hospitalini limepata maana ya pili, nayo ni kolesteroli, na limeenea sana. Linapofika katika utando wa seli lakini halifai. Kolesteroli hukaa baina ya mikia. Pale mikia inapopwaya, huituliza. Pale inapotaka kugandamana, huizuia. Tena miigo imeonesha kwamba hupendelea ujirani wa mikia iliyoshiba kuliko ile yenye makombo mengi. Lehemu ya fundi bati haifanyi hayo. Kazi yake ni kuganda na kushikanisha. Tunashauri lehemu iachwe katika mazungumzo ya hospitali, ambako imekwisha kuota mizizi, na kolesteroli litumike katika biolojia, ili mwanafunzi asiamini kwamba seli zake zimechomelewa.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunapata kanuni moja. Istilahi ipimwe kwa sentensi, wala si kwa kulinganishwa na neno la kigeni peke yake. Msanifu aandike sentensi tano ambazo mwalimu, mfasiri na daktari watazihitaji. Istilahi ikiwapotosha hata katika moja, irudishwe mezani. Kwa kipimo hicho utando umefaulu na kiwambo kimeshindwa; kushiba kumefaulu kwa mkemia na kuganda kumeshindwa kwa kila mtu; mwigo umefaulu, simulesheni imeshindwa; na kombo limefaulu kwa sharti la kuandamana na unyumbufu.

Jambo hili lina haraka yake. Sayansi za sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hurudi nyumbani na maneno ambayo hawezi kumweleza mzazi wake. Maneno yanayomfikia mzazi huyo hutoka katika ushauri wa lishe na katika magazeti, na ndiyo yatakayoamua anavyoufahamu mwili wake na chakula chake. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Istilahi za uigaji wa kompyuta bado ni mbichi katika lugha yetu. Zile za lishe zimeanza kukauka, na chupa ya mafuta ya nazi iliyo jikoni Pemba ni shahidi kwamba zimekauka vibaya.

Tunawaomba walimu wa kemia na biolojia, waganga, wavuvi, wajenzi na wapishi watuletee maneno waliyonayo kwa mambo haya, hasa ya kupinda, kugandamana na kunyumbuka. Yatapimwa kwa kipimo hiki hiki, na haya tuliyoyapendekeza yataondoka mahali pao iwapo yatakuja yaliyo bora zaidi.